Gauni Kwenye Kamba ya Kapteni

Mama Povu alifua nguo za wageni wa kisiwa kile mpaka vidole vyake vikajikunja kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni. Mume hakuwa naye, alishafariki. Shule hakuwahi kuiona hata kwa mbali. Alichokuwa nacho ni chumba cha uani nyumbani kwa kaka yake, na mbele ya mlango wa chumba hicho bomba lisilokauka, sakafu ya saruji na kamba za kuanikia. Pale ndipo alipokuwa mtu. Ukimtoa pale, amebaki mjane mwenye kipande cha sabuni.

Wageni wenyewe walitoka ng'ambo, watu wazima waliokuja kula pensheni zao juani. Wengine wasafi, hilo tusiwadhulumu. Lakini kulikuwa na huyu aliyejiita Kapteni. Hakuwahi kuendesha hata ngalawa. Cheo alijipa mwenyewe siku aliyonunua kofia. Soksi za Kapteni zilisimama zenyewe. Siku moja Mama Povu alizimwaga sakafuni, akaingia ndani kuchukua sabuni, na alipotoka akazikuta zimeshafika getini. Inzi walilikaribia kapu lake, wakanusa, wakageuza. Shuka zake zikilowekwa, maji yaliiva kama chai ya juzi, na paka wa jirani aliyeyalamba mara moja alihama mtaa, hajarudi mpaka leo. Na miaka yote hiyo Kapteni hakumpa Mama Povu hata salamu. Alikuwa akilisukuma kapu kwa mguu mpaka kizingitini, kama mtu anayefukuza kuku, kisha anafunga mlango.

Basi kanuni za viza zikashikwa na homa. Zamani mambo yalikuwa mepesi. Muda wa mgeni ukiisha, anapanda boti, anavuka upande wa pili, anagongewa muhuri, anakunywa soda, anarudi jioni akiwa mpya. Kapteni amekuwa mpya mara nyingi kuliko shati lake lolote. Halafu serikali ikasema mambo ya boti basi. Ikataka barua ya benki. Ikasema barua haitoshi, waende kwa daktari. Kanuni ya asubuhi ilikuwa haifiki jioni; mtu anakunywa chai akiwa halali, analala akiwa haramu. Mwisho ikatoka ile iliyowamaliza: kila mgeni anayetaka kubaki awe na mwenyeji, raia, anayeishi naye chini ya dari moja kama ndugu au mwenza, na ofisa wa uhamiaji atapita nyumba kwa nyumba kujionea.

Ghafla wenyeji wakawa watu. Waliokuwa hawaonekani wakaanza kuulizwa hali za watoto wao. Muuza mkaa alikaribishwa sebuleni, akakalishwa kwenye kochi jeupe, na umbo lake bado lipo pale kwenye kochi. Mlinzi wa geti aliitwa "ndugu yangu" na wageni wengi mno kwa siku moja, hata akaenda kwa mama yake kumuuliza vizuri.

Sasa, kaka yake Mama Povu alikuwa dalali. Siku zote alikuwa akiwatafutia wageni nyumba. Kanuni ilipotoka, akaanza kuwatafutia na watu. Alimjia dada yake uani, mikono mfukoni, akikwepa povu lisiguse viatu.

"Dada, wewe una bahati."

"Imepita saa ngapi? Maana nipo hapa hapa nafua tangu asubuhi."

"Kapteni anakutaka."

"Ananitakia nini? Nguo zake nimeshapeleka."

"Uwe mkewe. Machoni pa ofisa tu, dada, wala usikunje uso. Unahamia kwake, ofisa anakuja, anakuona, anaandika, kwisha habari."

"Nikaishi nyumbani kwa Kapteni."

"Ina vigae mpaka chooni."

"Kaka, mimi nguo zake nazishika kwa kijiti."

Dalali akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Sikiliza. Hiki chumba nimeshampa mgeni mwingine. Na yeye anataka dari ya mwenyeji, na mwenyeji ni mimi. Jumatatu anaingia. Kwa hiyo sikuombi, nakuonyesha pa kwenda."

"Na bomba?"

"Utakuja kufua. Ukiwa na adabu."

Mama Povu alitazama lile povu likifa kwenye beseni. Uchafu wa Kapteni alikuwa ameuzoea; una sabuni yake. Huyu aliyesimama mbele yake wamenyonya ziwa moja, na uchafu wake hauna sabuni.

Jioni yake Kapteni mwenyewe akaja kuposa. Amevaa shati lililopigwa pasi na Mama Povu, mkononi ana ua lililong'olewa kwa jirani, mizizi bado inadondosha udongo. Akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa na unyevu kama kitambaa cha kufutia meza ya kilabu.

"Mimi na wewe, mapenzi makubwa," akasema.

"Naitwa nani?"

Kapteni akafikiri. Akatazama angani, akatazama beseni. "Mama... wa nguo."

"Hilo si jina."

"Mapenzi hapana taka jina," akasema, na akatema mate pale pale kwenye sakafu ya kusuuzia.

Jumatatu ikafika na mgeni wa chumba akafika, na mabegi yake yana magurudumu. Mama Povu alitolewa vitu nje, vikawekwa ukutani. Akafunga kitita cha nguo zake, akaenda kwa Kapteni. Hakukubali na hakukataa. Alikwenda kama mtu mwenye kichefuchefu anayetafuta pa kuinamia.

Vigae kweli vilikuwepo, ila ilibidi ukwangue ndipo uvione. Jikoni kulikuwa na sufuria ya wali ulioota manyoya marefu kiasi cha kusukwa. Kwenye kisahani cha chai zililala kucha za miguu, zimekatwa na kukusanywa kama mtu anayeweka akiba. Mbwa alikuwa akila kwenye sahani, na Kapteni naye akala kwenye hiyo hiyo. Aliyeonekana kusikitika ni mbwa. Mama Povu alikaa kwenye ncha ya kiti, kitita mapajani, akapumua kwa mdomo.

Siku hiyo hiyo, kabla ofisa hajafika, Dalali alikuja kuipamba ndoa. Aliambiwa na wenzake kwamba ofisa huyu hana mambo mengi: anaangalia kamba. Nyumba ya mume na mke, nguo za kike na za kiume zinaanikwa pamoja; nyumba ya uongo ina kaptula tupu. Basi Dalali alikuwa amepita uani kwake, kwenye kapu la nguo safi za wateja wa dada yake zinazongoja pasi, akachota za kike zilizopendeza, akaja nazo. Akazining'iniza katikati ya kaptula za Kapteni: gauni la zambarau lenye vifungo vya kung'aa, na pembeni yake gauni la kulalia, la lesi.

Mama Povu akatoka kibarazani, akayaona. Magauni yale aliyajua. Yaliletwa na mke wa ofisa wa uhamiaji.

"Kaka, hizo nguo ni za..."

"Dada, kazi yako leo ni kutabasamu. Usiongee."

"Nakwambia hizo nguo..."

"Nimesema usiongee. Ukiongea tu unaharibu. Siku zote mdomo wako ndio unaokufukarisha."

Mama Povu akafunga mdomo. Akarudi kwenye kiti chake akakitoa nje, akakaa mahali panapoonyesha vizuri.

Ofisa akaja. Kijana mwenye miwani na viatu vya kung'aa, faili kwapani. Akamsalimia Kapteni, akamtupia Mama Povu macho bila kumtambua, maana kapu la nyumba yake hupelekwa na mkewe. Akauliza wameishi pamoja tangu lini. Kapteni, kama alivyofundishwa, akanyoosha kidole kwenye kamba.

"Nguo za mke wangu," akasema kwa fahari.

Ofisa akatazama. Akasogea. Akashika kifungo cha chini cha gauni la zambarau, ambacho kilishonewa uzi mweusi. Akakaa nacho kidoleni kwa muda.

"Hili gauni ni la mke wako."

"Mimi nunua. Siku yake ya kuzaliwa."

"Na hili?"

Kapteni akaigusa lesi, akatabasamu meno yote. "Hili, usiku. Mimi penda sana."

Shingo ya ofisa ilivimba mpaka kola ikaomba msamaha. Wanaosema miwani yake ilitoa moshi hawakuwa mbali na ukweli. Dalali, ambaye hakuwa ameelewa kitu, akaona ngoja asaidie. "Wanapendana sana hawa, mkuu. Mzee hakubali mama alale na jingine."

Mama Povu alikuwa ameapa kutofungua mdomo, na ukweli ni kwamba mpaka hapo alikuwa anafaidi. Lakini akauona ule mkono wa ofisa umekunja ngumi, akajua ngumi hiyo haitaishia pale kibarazani. Itakwenda nyumbani, kwa mwanamke ambaye kosa lake ni kupeleka nguo kwa dobi. Na pale raha yote ikamchachia mdomoni.

Akasimama. "Mkuu, mimi ndiye dobi. Mkeo aliniletea nguo hizi, nikazifua, na huyu kaka yangu amezichukua kapuni bila kuniuliza. Mkeo hajawahi kukanyaga hapa. Mimi mwenyewe nimekanyaga leo, na najuta. Siishi na mtu huyu, wala sitaishi."

Kapteni akamtazama Dalali, Dalali akatazama viatu vyake. Mama Povu akangoja ofisa aandike, awafukuze, angalau aseme asante.

Ofisa akafunga faili. "Hili siwezi kuliandika," akasema taratibu. "Nikiliandika itabidi nieleze gauni." Akawafikiria kidogo. "Nitaandika kwamba sikumkuta mtu. Nitapita tena mwezi ujao. Tafuteni mwenyeji mwingine." Akayatoa magauni kambani kwa vidole viwili, akayakunja ndani ya faili, na akipita mbele ya Mama Povu akasema bila kumtazama, "Na wewe mama, hukuona kitu."

Kumbe ndivyo. Kapteni na kucha zake amepata mwezi mzima, Dalali amepata kazi ya kutafuta mke mwingine, na aliyesema kweli ameambiwa anyamaze kama mwizi. Mama Povu aliinamia ukuta wa Kapteni akatapika. Hakufuta.

Akahamia kwa shoga yake msusi, nyuma ya soko, wakalala kitanda kimoja. Maji akawa anateka bomba la foleni na kubeba ndoo kichwani. Kapu la mke wa ofisa halikuja tena. Wateja wengine wakamfuata, wengine hawakutaka kuvuka soko.

Mwezi ulipokuwa unaisha Dalali akatokea mlangoni kwa msusi, na nyuma yake Kapteni, kofia mkononi.

"Dada, chumba chako kipo wazi," Dalali akasema kwa sauti ya asali. "Yule mgeni nimempa cha mbele. Bomba lako, kamba zako, zote zinakungoja. Safari hii huwi mke. Dada yake tu. Ofisa anakuja kesho, na ya magauni hawezi kuyataja; unakaa kwa Kapteni siku hiyo tu, kisha unarudi uani."

Mama Povu alikuwa anasuuza. Alilifikiria lile bomba, tena alilifikiria kwa tamaa, maana shingo ilikuwa inamuuma. Kapteni akaona ukimya ni dalili njema. "Dada," akamwita, akinyoosha kiganja chake cha unyevu.

Mama Povu akainua beseni, akamwaga maji ya suuzo la kwanza pale pale mlangoni, bila kuangalia miguu ya nani iko wapi, kisha akachukua ndoo akaenda kupanga foleni.