Kiti cha Baba Kulwa

Nilikuwa macho. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza kama nilisinzia. Sikuwa na homa, nilikuwa nimekula, na jua la saa tisa lilikuwa linaichoma Tinde yote. Nimeshajihoji mwenyewe kuliko utakavyonihoji wewe.

Nimehitimu ualimu, ajira sijapata, nimepanga chumba kwa Mama Kulwa. Mumewe alikuwa mchimbaji. Kabla sijahamia hapa, duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, lilimfukia, na hawakuweza kumtoa. Kwa hiyo hana kaburi. Ana kiti tu, cha mninga, ambacho mkono wake wa kulia una kibonyeo laini kilicholiwa na kiganja chake kwa miaka mingi. Kila asubuhi Mama Kulwa huweka kiganja chake pale, kidogo tu, ndipo atoke kwenda sokoni. Hakuna anayekikalia.

Wachumbiaji wa binti yake, Kulwa, walikuwa waje Jumapili. Mama Kulwa akaenda Shinyanga mjini kununua mapazia. "Mwalimu," akaniambia akitoka, "si unajisifu unajua kufufua samani? Nifanyie viti vyote, tusije tukachekwa."

Viti vyote. Mimi ninayerudi mara tatu kuangalia kama nimefunga mlango, hilo sikuliuliza. Ukishika msasa huoni mtu, unaona kasoro. Nilikwangua, nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikaziba kile kibonyeo mpaka mkono ukawa sawa na mwenzake. Nikapaka vanishi. Kiti kikang'aa. Ndipo nilipoelewa nilichomfanyia yule mama.

Uani pakawa kimya, kama mtu amenifunika masikio kwa viganja. Hata kuku walisimama. Kwenye kivuli cha ukuta alikuwapo mwanamume, vumbi la kijivu mwili mzima, mguuni buti moja. Geti sikulisikia.

"Mwadila, mwalimu," akanisalimu Kisukuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe chuo kikuu mnasomea kukwangua viti?" Akacheka polepole, kama mtu anayeamka.

Niamini, nilicheka naye. Nilidhani ni mchimbaji anayepita. Akakaa kwenye kile kiti. Nilitaka kumwambia vanishi ni mbichi, nikaona nitamvunjia heshima. Kiganja chake kikaanza kupapasa ule mkono wa kulia, mbele, nyuma, mbele, kama anayetafuta swichi gizani.

"Sasa mke wangu atanishika wapi?"

Nikakimbilia ndani kumletea maji. Kwa nini maji? Ungefanya nini wewe? Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Vanishi haikuwa na alama hata moja ya kukaliwa. Lakini ule unga niliozibia ulikuwa umemwagika chini, mkavu kama mchanga, na kibonyeo kilikuwa wazi. Nilikigusa. Kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Jioni nilimweleza Mama Kulwa yote, pamoja na kosa langu. Aliuliza swali moja tu.

"Buti la mguu gani?"

"La kushoto."

Akajiinamia kwenye mkeka. Siku ya msiba wachimbaji wenzake walimletea buti moja tu walilolipata juu ya kifusi. La kulia.

"Basi nyumbani anapajua," akasema, akaweka kiganja chake pale, na safari hii hakukiondoa mpaka giza likaingia.

Jumapili, mjomba mmoja wa wachumbiaji alitaka kukikalia. "Hapo pana mtu, shemeji," Mama Kulwa akamwambia. Watu wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Leo nakula kwa kazi hiyo ya kufufua samani, na kibonyeo kile hukipima kwa kidole kila mwezi. Kinazidi kwenda chini. Kwa hiyo nakuomba, wewe unayetaka sebule yako ing'ae: ukikuta mahali palipolika, usiharakishe kupaziba. Uliza kwanza. Huenda kuna mtu bado anapatumia.