Mahali Kitovu Kilipozikwa

Waliokuwepo ni hawa: mama yangu Nabintu, aliyekuwa amejifungua; Mapendo, mdogo wake, aliyekuwa akimkanda kwa maji ya moto; bibi yangu mzaa mama, Mwamini; na mimi Faida, mtoto wa kwanza, niliyeshika bakuli la mawese. Na mwenyewe aliyetukusanya, mdogo wangu Yosefu, ambaye macho yake yalikuwa hayajazoea mwanga. Mawese yakipashwa moto yana harufu yake, nzito, tamu kidogo, na ndiyo iliyojaa nyumba yetu kule karibu na Uvira msimu ule wa mvua. Mjukuu wangu Neema huyanunua hapa Johannesburg kwa Wakongo wenzetu, na akiyaweka jikoni tu, mimi ninakuwa mtoto tena, nimeshika bakuli, ninaogopa kulimwaga.

Kitovu cha Yosefu kilipokauka kikadondoka, Bibi Mwamini alikifunga kwenye jani, akakizika nyuma ya jiko chini ya mgomba mchanga. Akapiga udongo kwa kiganja, akasema, "Sasa ana kwao." Mvua ilikuwa bado inanyesha Yosefu aliposhikwa na homa, na haikuacha siku tulipompeleka makaburi ya misheni. Basi mama akawa haendi makaburini. Kila asubuhi alikwenda nyuma ya jiko, akaketi kwenye udongo uliolowa karibu na ule mgomba, kitenge chake kikawa hakikauki. Mama mdogo Mapendo alimwambia, "Dada, mtoto hayupo hapo." Mama akamjibu, "Kule wameweka aliyekufa. Hapa yupo aliyezaliwa. Niache nikae naye."

Noeli ikafika na msiba bado uko nyumbani. Kanisani, katekista Zakaria, mtu mrefu wa sauti ndogo, alitufundisha kwamba Mungu alifanyika mtu. Alilisema vizuri, kama alivyolisema mwaka wa nyuma. Mama yangu, ambaye hakuwahi kufungua mdomo mbele ya watu, akasimama. "Mwalimu, kitovu chake kilizikwa wapi?" Watu wakacheka. Mapendo akamvuta kitenge: "Nabintu, keti, unatuaibisha." Mwanamume mmoja nyuma, Balthazari fundi baiskeli, akasema, "Muulize na kunyonya, alinyonya ziwa lipi." Mama akageuka, akamtazama. "Na hilo nauliza. Kama alizaliwa kweli, alinyonya, na kitovu kilidondoka. Kama kilidondoka, yuko mwanamke aliyekiokota. Alikiweka wapi?" Kicheko kikaisha. Zakaria akafungua kitabu, akakifunga. "Hakikuandikwa, mama," akasema.

Kesho yake alikuja kwetu, akauliza mgomba uko wapi. Nilimpeleka mimi. Alivua kofia, akaketi chini kwenye matope na suruali yake ya kanisani, kando ya mama, wala hakuhubiri. Baadaye sana nikamsikia akisema, "Jibu sina, mama." Mama akasema, "Umekuja. Basi kaa." Nilikuwa mtoto, lakini nililishika lile, na mpaka leo nikisikia Mungu alifanyika mtu, ninamwona yule mwalimu kwenye matope.

Mwaka 2015 Neema alijifungua Daudi hapa Johannesburg, mtaa wa Rosettenville, tulipokuwa tumepanga chumba cha nyuma kwa mama mmoja wa Kizulu, Mama Thandi. Kitovu kilipodondoka, Neema alikifunga kwenye leso akakiweka dirishani, amngoje msafiri wa Uvira. "Koko, hapa si kwetu," aliniambia, maana bibi yao wananiita koko. "Kila nikimsuka mtu nywele naulizwa nitarudi lini." Mtoto alikuwa anakaribia kuwa mtu asiye na mahali, leso yake inakauka dirishani. Mama Thandi aliiona leso, akauliza, Neema akamweleza. "Inkaba," akasema, ndiyo kitovu kwa lugha yake. "Eish, wewe. Mtoto umemzalia hapa, halafu kwao unamtumia kwa basi?" Akaenda kuleta sepeto mwenyewe. Tulikizika chini ya mpichi wake kando ya uzio, na alipomaliza akapiga udongo kwa kiganja, kama Bibi Mwamini, ambaye hakuwahi kumjua. Nililia, Neema akadhani ni kwa furaha.

Mama Thandi amefariki. Watoto wake waliuza nyumba, tukahamia mitaa ya jirani. Mwaka huu wa 2019, maduka ya wageni yalipochomwa, Daudi aliambiwa na wenzake mtaani arudi kwao. Alikuja kuniuliza kwa Kizulu chake kwao ni wapi, nami nikamshika mkono nikampeleka. Mpichi umekatwa. Ua lote limepigwa saruji, gari limeegeshwa. Nilimwonyesha kwa fimbo kupitia geti. "Chini ya gari, koko?" Nikamwambia ndiyo, chini ya gari. Akachuchumaa pale nje, akatazama uvungu wa gari muda mrefu.

Mama yangu alikuwa na mgomba wa kukaa karibu nao. Mimi nina geti la mtu. Wahubiri wetu wa siku hizi, kwenye kumbi zenye vipaza sauti, wanamsifu Mungu aliye juu na wanatuahidi magari. Sibishani nao. Lakini mimi namtafuta chini, aliyekubali kuwa na kitovu, kikadondoka, kikafukiwa mahali ambapo leo labda napo pamepigwa saruji na hakuna anayepajua.

Kama nimekosea jina, kama fundi baiskeli hakuwa Balthazari, aliyekuwepo anisahihishe, sitakasirika. Na kama yupo anayejua kile kitovu kingine kilizikwa wapi, aniambie upesi. Mama yangu alikufa bado anauliza.