Nukta ya Mama Risper

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nirambe treni. Msicheke. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, hapa Kisumu, kwenye duka la kutengeneza saa na treni za kuchezea, nami nimevaa shati jeupe la kuazima kwa shemeji yangu. Fundi Mkuu, Mzee Ogutu, alinisukumia injini ya bati yenye ukubwa wa kiatu.

"Ramba hapo chini ya bomba la moshi."

Nikaramba.

"Unasikia nini?"

"Uchungu, Mzee."

"Hiyo ni lehemu mpya, ya kuungia bati. Kiwandani hawakuiweka. Kuna mtu amepita hapa."

Treni hizo ziliachwa na familia za wakubwa wa reli waliorudi kwao zamani. Meneja wetu alizinunua, sisi tukazitengeneza, kisha akawauzia watu wazima wa ng'ambo. Ndiyo, watu wazima na ndevu zao! Kila treni ilitoka na lebo iliyotaja kila sehemu: halisi au nakala, na kama ni nakala, jina la fundi aliyeitengeneza.

Nyinyi vijana mnataka kila kitu kwa kuangalia picha. Sisi tulijifunza kwa vidole. Bati za treni hushikana kwa vimasikio vidogo vinavyokunjwa. Kikikunjwa mara ya pili huacha mstari mweupe, na hapo unajua imewahi kufunguliwa. Rangi ya kiwandani ilichapwa kabla ya bati kukunjwa, kwa hiyo kwenye kona ni nyembamba. Ya nakala hupakwa baadaye, ikajaa konani. Gurudumu halisi la madini yaliyoyeyushwa na kumwagwa hupasuka nyufa likizeeka, kama matope ya nyanda za Kano wakati wa kiangazi. Likiwa laini mno, lishuku.

Magurudumu ya Mzee Ogutu yalikuwa laini, lakini hayakumdanganya mtu. Chini ya kila moja palikuwa na nukta iliyogongwa kwa panchi, kijisumari kigumu cha kutia alama. Ncha ya panchi ile ilikuwa imemeguka, kwa hiyo nukta ilipungua upande mmoja. "Hiyo ni ya kumwambia fundi ambaye hajazaliwa," alisema. "Nimepita hapa, usidanganyike." Hakutumia lenzi kamwe, alikagua kwa vidole na midomo. Jioni alibeba kazi hadi chumba cha nyuma alichoishi na mkewe, Mama Risper, mwanamke mpole wa Ahero. Asubuhi alirudi na gurudumu tayari. Mimi nikasema, ama kweli huu ndio ufundi.

Mzee akafa. Kwa desturi yetu, vifaa vya marehemu haviguswi mpaka ndugu wakae wavigawe, kwa hiyo sanduku lake lilifungwa kufuli na ufunguo ukaenda na kaka yake Muhoroni. Meneja akampa Mama Risper mpaka mwisho wa mwezi ahame. Chumba ni cha fundi, alisema, na fundi hayupo.

Wiki hiyohiyo nikakuta kwenye trei gurudumu jipya. Nililigeuza. Nukta, imepungua upande mmoja. Kesho yake nikakuta lingine. Kufuli liko palepale, vumbi juu yake halijaguswa. Ai yawa, nywele zilinisimama! Nikajua Mzee amekasirika mjane wake kufukuzwa, na mimi nimenyamaza tu.

Siku ya tatu, saa sita mchana, mvua inapiga mabati, nikaenda nyuma kumwomba Mama msamaha. Mlangoni nikasikia tupa ikisugua chuma: kss, kss, kss. Tupa ya Mzee ilikuwa na mwendo huo huo. Nikabaki nje.

"Ingia, mbona umesimama kwenye mvua?" Alikuwa Mama Risper, gurudumu mkononi, panchi mezani.

"Mama, hiyo panchi umeitoa wapi? Sanduku limefungwa."

"Haijawahi kulala kwa sanduku. Ni yangu." Akapuliza vumbi la chuma. "Macho ya Mzee yaliisha kabla wewe hujaja. Vidole vyake vilijua kosa liko wapi, mimi nikatengeneza. Ulidhani anatumia lenzi ya malaika?"

Nikakimbia kwa Meneja. "Fundi yupo, Bwana Meneja! Ni Mama Risper." Hakuamini mpaka alipomwona akikata gurudumu mbele yake. Akakuna kidevu. "Basi akae. Lakini lebo iendelee na jina la Ogutu. Wanunuzi wanamjua yeye."

Nikakubali. Mwenye kuandika lebo nilikuwa mimi, na nilikubali upesi, bila hata kumuuliza mwenyewe. Mama alikaa, akafanya kazi miaka mingi, na kila wiki nikaandika jina la mumewe juu ya kazi yake. Nilipopandishwa cheo kuwa Mkaguzi, niliendelea vilevile. Alipougua, nilimtembelea kwao Ahero. Akanishika mkono. "Na jina langu utaliandika lini?"

"Nitaandika, Mama."

Akafa. Aliomba azikwe na panchi yake, na ni mimi niliyeiweka jenezani, chini ya kiganja chake cha kulia. Niliona kifuniko kikigongwa misumari. Magurudumu yake yaliyobaki yalitoka na lebo zangu, na jina likawa lilelile. Nilijiambia Meneja atakasirika. Uongo. Niliona haya kukiri.

Miaka ya tisini ikaelekea kwisha, nami nikafika wiki yangu ya mwisho. Nilikata gurudumu mwenyewe kwa behewa la abiria, asubuhi, jua limejaa dirishani, niko peke yangu. Nikaligeuza nigonge alama yangu. Panchi yangu ni nzima, hutoa nukta ya mviringo kamili, na ilikuwa bado mfukoni.

Nukta ilikuwepo tayari, imepungua upande mmoja.

Nililipitisha mdomoni kama nilivyofundishwa. Ukingo wa nukta ulikuwa mkali, wa dakika hiyo hiyo. Niliogopa, sitawaficha, na nikalia pia, mzee mzima.

Sasa nimestaafu, watu huniuliza kama naamini wafu hurudi. Mimi najua halisi na nakala tu. Asubuhi ile nilichukua lebo, nikaandika gurudumu: nakala. Fundi: Risper, wa Ahero. Kisha nikavuta daftari nililonakilia lebo zote za nyuma, nikaanza ukurasa wa kwanza kufuta jina la Mzee Ogutu na kuandika la mkewe.