Siku Tulipoipeleka Boti ya Baba Mkwe Baharini

Pale kwetu Mpemba, jirani na Tunduma, malori yalipunguza mwendo yakifika mbele ya nyumba yetu, na tuta halikuwepo. Walichokitazama madereva ni boti, iliyokuwa imeegeshwa uani juu ya trela lake, katika mji ambao maji tunayanunua kwa madumu. Wengine waliuliza kama tunasubiri gharika. Niliwajibu kwamba ikija tutawabeba, ila walipie nauli mapema.

Boti ilikuwa ya baba mkwe. Kwao ni Mbebe, milimani Ileje, lakini miaka yake mingi ya kazi aliimalizia Zambia, kwenye kambi ya wageni waliokuja kuvua kwa kujifurahisha katika Ziwa Tanganyika. Yeye ndiye aliyewaendesha majini. Kambi ilipofungwa, mwenye nayo alimwachia boti moja kama shukrani, naye akavuka nayo mpakani Tunduma ikiburutwa nyuma ya lori, watu wakiisindikiza kwa vigelegele kama bibi harusi.

Haikuwa boti ya nyavu. Ilikuwa fupi na pana, bapa chini, kingo zake ziko karibu na maji hivi kwamba unaweza kunawa mikono bila kuinuka kitini. Ilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, mashine kubwa nyuma, kimota cha umeme mbele cha kumnyemelea samaki bila kelele, na katikati tangi la kuwatunza samaki wakiwa hai. Sakafuni ilikuwa na zulia. Mimi mwenyewe wakati huo sebuleni kwangu sikuwa na zulia. Ilitengenezwa kwa ajili ya maji baridi yaliyotulia, na kila aliyeiona aliambiwa hivyo na baba mkwe kabla hajauliza.

Sasa niseme kuhusu mimi na yeye. Mimi ni Mnamwanga wa Ndalambo. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, lakini kwa akina mume wangu ni habari nyingine kabisa. Nilipoolewa, wifi mkubwa alinikalisha mkekani akanipa masharti. Baba mkwe humtazami usoni. Humtaji jina. Hukai naye, huli naye, na mkikutana njiani wewe ndiye unayechepuka. Ukiwa na neno, mpe mumeo alifikishe, na lake litakufikia kwa njia hiyohiyo. Mkijikuta karibu na hamuonani, kohoa, ajue upo. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini baba mkwe alikuwa mtu wa zamani, na mimi sikutaka isemekane kwamba Mnamwanga hakufundwa.

Mama mkwe alipofariki, tulimleta mzee Mpemba akae chumba cha uani. Alianza kunyauka. Alikaa mlangoni kutwa nzima akitazama malori, chakula nilichompelekea kupitia kwa mume wangu kikarudi nusu. Kilichomwinua ni ile boti. Jumamosi moja mume wangu aliifunga nyuma ya pikapu wakashuka Kyela, Ziwa Nyasa, na mzee aliporudi alimaliza sahani. Kuanzia hapo nilielewa kwamba uhai wa mzee yule umefungwa kwenye trela, na nikawa naitunza boti kuliko alivyoitunza mwenyewe. Nililipiga zulia lile brashi kwa mikono yangu.

Baadaye nami nikaanza kwenda, mwanzo kwa kisingizio cha kupika. Kisha mume wangu akanipa mshipi nishike kidogo, na sijaurudisha mpaka leo. Mle ndani mpangilio wetu ulikuwa wa ajabu. Mzee alikaa mbele, mimi nyuma karibu na mashine nikiwa nimempa mgongo, na mume wangu katikati kama ukuta wa choo. Samaki akiuma kwangu, sauti ya mzee ilisikika.

"Mwambie mke wako asivute kwa pupa."

"Mke wangu, usivute kwa pupa," alisema mume wangu.

"Mwambie baba nimesikia."

"Baba, amesikia."

"Eya, mukwai," mzee alijibu kwa Kibemba chake cha Zambia, yaani ndiyo ya heshima, na ingawa sikumwona, nilijua anatabasamu. Nilimpenda sana yule mzee. Nilitamani siku moja aniambie neno moja tu yeye mwenyewe, hata kama ni la kunigombeza.

Wifi mdogo aliolewa pwani, kusini ya Dar es Salaam, na alipojifungua tukaalikwa wote. Mzee akatuma neno: tuende na boti. Amevua ziwa huku na ziwa kule, bahari hajawahi hata kuichovya kidole. Mume wangu alitafuta kwenye simu, akakuta wako watu ng'ambo wanaotumia boti za namna ile kwenye maji chumvi, mradi wasiende mbali na ufuko, wachague siku isiyo na upepo, na wakirudi waioshe yote kwa maji baridi, mashine ndani na nje, kwa maana chumvi inakula chuma kama mchwa. Basi hofu yetu yote ikawa chumvi. Tulinunua madumu ya maji Mpemba tukayapanga ndani ya boti, na njia nzima kuanzia Mbozi hadi pwani polisi wa barabarani walituuliza kama tuna akili timamu kupeleka maji baharini.

Siku tuliyoingia majini ilikuwa tulivu. Tuliishusha asubuhi kwenye hori moja kati ya mikoko, na vijana wa pale wakalicheka lile zulia. Mmoja aliuliza viatu vinavuliwa wapi. Mzee hakujali. Alikishusha kile kimota cha umeme, tukanyemelea kando ya mizizi ya mikoko bila sauti, na changu wakaanza kuuma. Kisha akapata kolekole, samaki mwenye hasira ya nyati, akazunguka naye kitini huku na huku akicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu niolewe. Tangi likajaa. Nikikumbuka siku ile, huwa natamani ingeishia hapo.

Jua lilipopanda tulitua kwenye kichanga nje ya hori. Tuliikwamisha pua ya boti mchangani, nyuma yake ikaelea juu ya maji masafi ambayo chini yake mawe yalionekana kama yapo mbali sana. Mume wangu akasema anakwenda kijijini kutafuta barafu na mafuta, akaondoka kwa miguu. Sisi wawili tukabaki.

Ndugu msomaji, hatukuwahi kubaki wawili. Sikujua nijiweke wapi. Nilikwenda chini ya mvinje, nikajilaza nikiwa nimempa mgongo, nikajifunika khanga usoni ili asije akageuka macho yetu yakakutana. Yeye alichagua gogo upande mwingine, akakaa akitazama mikoko. Kati yetu ilikuwa boti.

Khanga ni nyepesi, unaona kupitia kwayo. Nilipojigeuza kidogo niliona mstari wa unyevu ubavuni mwa boti, juu ya maji, mahali ambapo palikuwa ndani ya maji tulipotua. Nikasema labda nimekosea. Nikatazama tena, mstari umepanuka. Ziwa la kwetu hupanda na kushuka kwa majira ya mwaka, na watu hulizungumzia kama wanavyozungumzia mavuno. Maji yanayoondoka kati ya chai na chakula cha mchana sikuwahi kuyaona. Nilikuwa nimesikia shuleni habari za kupwa na kujaa, nikajibu mtihani, nikasahau. Kisha kichwa cha jiwe la kwanza kikachomoza nyuma ya mashine.

Nikakohoa.

Naye akakohoa.

Nikatulia. Nikajiambia mzee ameona, yeye ndiye mtu wa maji, anajua anachofanya. Dakika zikapita, mawe mengine yakatoka. Nikakohoa tena, safari hii kwa nguvu, kama mgonjwa wa kifua. Akakohoa tena, kwa upole, kama mtu anayesema karibu. Nilitaka kuinuka nikashike ubavu wa boti nisukume peke yangu, lakini ningelazimika kupita mbele yake, miguu mitupu, nguo imelowa. Nilitaka kupiga kelele, lakini ningeita nani? Jina lake silitaji. Nikatazama njia ya kijijini nikimwomba Mungu amlete mume wangu. Wanasema heshima si utumwa. Siku ile ilikuwa.

Boti ilianza kukaa. Pua ilikuwa imeshikwa na mchanga, nyuma ikashukia mawe, na uzito wote uko nyuma: mashine, betri, madumu yetu ya maji ya Mpemba, na lile tangi lililojaa. Ililia kwanza, mlio mrefu wa kukwaruza. Halafu ikapasuka, mlio mfupi, kama mhogo mkavu unapovunjwa gotini. Hapo ndipo tuliposimama wote wawili, kila mmoja upande wake, na kwa mara ya kwanza tukatazamana.

Mume wangu alirudi na barafu yake, ameongozana na mvuvi wa pale. Mvuvi alizunguka boti iliyokaa juu ya mawe, maji yakiwa yameshafika mbali, akainama akatazama ufa.

"Leo bamvua," alisema. "Maji yanatoka mpaka kule. Hamkuona yanapwa?"

Akapitisha kidole kwenye ufa.

"Mngeisukuma mapema tu, ilipokuwa bado inaelea. Watu wawili mbona wanatosha."

Mume wangu alimtazama baba yake, akanitazama mimi, nikaona anaelewa, akageuka upande wa bahari. Tulijaribu kuziba ule ufa kwa vitambaa na matope ya mikokoni, lakini maji yalipojaa yaliingia kwa kasi kuliko tulivyoweza kuyachota, yakafunika betri, yakafunika mashine. Tuliivuta nje jioni ikiwa imebeba bahari tumboni. Yale madumu tuliyatumia yote kuiosha, tukiosha maiti.

Fundi wa Tunduma alisema ufa unazibika. Mashine na nyaya ndizo zilizokufa, chumvi ilishakula, na mashine mpya hatukuwa na uwezo nayo. Mzee alisikiliza, akaingia chumbani kwake. Sahani zikaanza kurudi nusu tena. Wanasema majuto ni mjukuu, huja mwisho. Wangu amekuja mapema, na tunakaa naye nyumba moja.

Wiki kadhaa zilipita. Asubuhi moja mume wangu akiwa amesafiri na mzigo kuelekea Lusaka, nilikuwa jikoni nachambua maharage. Nikasikia kikohozi mlangoni. Nikainuka nichepuke, kama nilivyozoea.

"Mama, kaa," mzee akasema.

Nilifikiri anazungumza na mtu mwingine. Nikabaki nimeshika ungo, macho chini.

"Nasema na wewe. Kaa."

Nikakaa. Yeye alikaa kwenye kizingiti, akiangalia uani. Alikuwa amekonda, na mkono wake ulishika mlango kama mtu aliye kwenye chombo kinachoyumba.

"Siku ile, uliona maji yakiondoka?"

"Niliona, baba," nikasema. Sauti yangu mwenyewe niliiona ngeni, kumwita hivyo mbele yake. "Nilikohoa."

"Nilikusikia. Nikadhani unaniambia upo, nisigeuke. Mimi pia niliona. Toka jiwe la kwanza. Peke yangu nisingeiweza. Ulipoacha kukohoa nikasema nikuite tusaidiane, nikaona umejifunika, nikadhani umelala. Mkwe amelala, mimi nimwendee vipi? Watu wa kwetu watasema nini?"

"Sikuwa nimelala, baba."

Alitikisa kichwa taratibu kwa muda mrefu. Machozi yalikuwa yakinitoka nikayaacha yadondokee maharage, na yeye hakujifanya hayaoni.

"Nimefikiri sana, mama," akasema. "Nilitazama ule ufuko wote, huku na huku, kuona kama kuna mtu wa kwetu anatuona. Hapakuwa na hata mmoja."