Kibao Kinachosema Basi

Idalberto alimsingizia dada yake Odalmis kwamba ndiye aliyeunguza sebule ya mama yao. Hakulisema chumbani kwa kunong'ona. Alilisema kwenye foleni ya mkate, mbele ya wake za watu: "Dada yangu hajui hata kusoma saa. Kaishikashika betri ya motorina, nyumba ikawaka." Na kwa kuwa Odalmis aliacha shule ili huyohuyo Idalberto aendelee na yake, watu walitikisa vichwa, wakaamini. Mama yao, bibi Eneida, aliamini pia. Akapakia kiti chake cha kubembea kwenye mkokoteni wa jirani, akahamia kwa mwanawe, akaapa kwamba hatalala tena chini ya dari moja na Odalmis na betri zake.

Lililomuuma zaidi Odalmis ni kwamba hata yeye alianza kuamini. Siku ile ni yeye aliyechomeka chaja, umeme uliporudi baada ya kukatika tangu jana yake. Hakuwa amegeuka vizuri, akasikia mluzi, kisha moshi.

Akabaki peke yake katika nyumba yenye kuta nyeusi. Bila motorina hawezi kupeleka maandazi yake ya mapera kwa wateja, maana skuta hiyo ya umeme ndiyo miguu ya kila mtu mjini Holguín. Akiwa nayo, mama harudi. Hapo ndipo aliponaswa.

Akaisukuma motorina, isiyo na betri, mpaka kwa Arsenio, fundi aliyekuwa wa redio zamani na sasa anaunda betri.

"Nataka betri ambayo mama yangu atakubali kulala nayo chumba kimoja."

"Bibie," Arsenio akacheka, "mke wangu hakubali kulala na mimi chumba kimoja, sembuse betri."

"Labda wewe unatoa moshi zaidi."

Arsenio akampa kreti la bia akalie. Odalmis hakuondoka hapo mpaka kazi ikaisha. Aliona seli, zile betri ndogondogo za ndani, zikipangwa bega kwa bega, zikafungwa, kisha juu yake kikalazwa kibao cha kijani, chembamba kama kaki. Kutoka kwenye kibao ulitoka waya mmoja kwa kila seli.

"Nyaya zote hizo za nini?"

"Ni za kushika mapigo, kama daktari anavyoshika mkono wa mgonjwa. Hiki kibao hakilali, dada. Hata sasa kinaziuliza seli: nyie, mko wazima? Akiugua mmoja, kinafunga mlango kwa wote."

Arsenio akafungua simu, na seli zikatokea kwenye kioo kama nguzo zilizosimama safu moja. Baadhi ndefu, baadhi fupi. Akaanza kukipa kibao amri zake. Hapa juu, chaji ikifika, kataa, hata mtu akilia. Hapa chini, ikishuka, usitoe tena. Hapa joto, likizidi, kata. Kisha akaweka simu chini. "Sasa tuiache ijisawazishe."

Odalmis akainama kutazama. Nguzo ndefu zilianza kupungua, pole kwa pole, zikizingoja zile fupi, mpaka safu nzima ikanyooka kama maji yaliyotulia kwenye beseni. Hakuna mkono uliozigusa. Katika maisha yake Odalmis alishamwona askofu kwa karibu, na alishaona kimbunga kikiondoka na paa zima la ghala, lakini hakuwahi kusisimka mwili kama alivyosisimka pale kwenye kreti la bia. Kitu kisicho na macho kinawatazama wote, na mwenye nguvu anasubirishwa mpaka mnyonge afike! Kwao nyumbani mambo hayajawahi kuwa hivyo.

Ndipo akagutuka. Hiyo picha ya nguzo alishaiona. Ilikuwa kwenye simu ya Idalberto, alasiri moja ya joto, mama akilalamika kwamba feni inayozungushwa na betri ya motorina huzima kabla hakujapambazuka. Idalberto aliketi kitandani, akaishusha ile namba ya chini, akasema, "Nimeibembeleza kidogo." Feni ikazunguka mpaka asubuhi. Mama akambusu paji la uso.

"Arsenio, hiyo namba ya chini nikiishusha, feni itazunguka zaidi?"

Arsenio akaikumbatia simu kifuani. "Itazunguka! Na seli zitaoza ndani kwa ndani. Umeme ukirudi, ukizilazimisha kula, zinawakia tumboni. Nusu ya mji wanafanya hivyo, wanadhani wamepata umeme wa bure. Nani kakufundisha?"

"Injinia mmoja wa foleni ya mkate."

Arsenio akamwambia aweke namba ya siri, asije mtu akachezea amri hizo. Odalmis akaigeuza simu upande wake, akabonyeza mwenyewe.

Jumapili aliendesha asubuhi yote, makusudi, mpaka betri ikabakiza kidogo. Kisha akaenda kwa Idalberto. Umeme ulikuwa umekatika, na bibi Eneida alikuwa akijipepea kwa kifuniko cha sufuria. Alipoiona betri akapandisha miguu kitini.

"Lipeleke nje jini lako!"

"Kaa hukohuko, mama. Tazama tu."

Akaiunganisha feni. Upepo ukaja. Bibi akashusha mguu mmoja, kisha wa pili. Walikuwa wanamalizia kahawa feni ilipozima ghafla.

"Si nilisema?" Idalberto akapiga kofi pajani. "Kila anachogusa kinakufa."

"Haijafa. Imesema basi." Odalmis akamwonyesha mama nguzo kwenye simu yake, fupi zote, lakini zimelingana. "Kilichobaki ni cha kuishi nacho yenyewe. Haitugawii."

"Lete hapa!" Idalberto akainyakua simu. "Hiyo ya chini inashushwa tu. Ile ya kwanza niliishu—"

Simu ikamwomba namba ya siri.

"Uliishu nini?" bibi Eneida akauliza.

"Mama, feni ilizunguka mpaka asubuhi. Wewe mwenyewe ulifurahi."

Bibi akamtazama mwanawe, kisha ile feni iliyosimama, jasho likimtiririka shingoni. Hakumtukana. Alisema tu, "Mwiteni jirani na mkokoteni. Nipakieni kiti changu."

Jioni hiyo, kwenye sebule yenye kuta nyeusi, umeme uliporudi Odalmis alichomeka chaja, na mama akaweka kiganja juu ya betri kama anayepima homa ya mtoto. Alikaa hivyo muda mrefu. "Imepoa," akanong'ona, kama mtu aliye kanisani. "Na inatuangalia."

Deni limebaki la Idalberto. Si la rangi ya kuta wala la dari. Anadaiwa maneno aliyokatiza katikati, ayamalize kwa kinywa chake, kwenye foleni ileile ya mkate, wake za watu wakiwapo. Mpaka leo anamtuma jirani amchukulie mkate wake.