Stendi Mbovu na Safari ya Baba

Nilikuwa dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa, wa zahanati ndogo mbele ya Ntalikwa, nje ya mji wa Tabora, miaka ile baada ya vita vya pili, wakati pikipiki za jeshi zilizochoka zilipoanza kuuzwa kwa raia. Niliipata yangu kwa mwenye duka mmoja Mhindi wa mjini Tabora, ambaye naye alikuwa ameitumia mpaka rangi yake ya kijani ikabambuka. Injini ilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa stendi, ule mguu mmoja wa chuma unaotelemshwa kando ili pikipiki iegemee isianguke.

Springi ilikuwa imelegea na tundu la bolti limelika likawa pana. Ukiitelemsha ilishika, ukaondoka ukidhani mambo yamekwisha, halafu baadaye, pengine upepo tu umepita, ilijikunja yenyewe na pikipiki ikalala ubavu. Na ardhi yetu ni mchanga. Hata siku ambazo stendi ilishika, ncha yake ilizama. Nilikuwa natembea na kipande cha jembe lililokwisha, nakiweka chini yake, na mara nyingi kilisaidia. Siku kilipokosa kusaidia nilivunja chupa zote za dawa ya macho nilizotoka kuzichukua mjini, na wagonjwa wangu wakakaa wiki mbili wakinisubiri. Jumapili moja ilianguka nje ya kanisa katikati ya sala. Mchungaji alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Watu walipotoka walinicheka, nami nikacheka pamoja nao.

Mke wangu hakucheka. "Ipeleke kwa fundi," akasema. "Iko siku itamwangukia mtu."

Nikaipeleka. Fundi alikuwa mzee mwenye karakana nyuma ya soko la Tabora, mtu wa maneno machache. Aliitikisa stendi kwa vidole viwili tu, ikacheza kama jino bovu. Akasema itabidi aikate, achomee kipande kipya na kutoboa tundu jingine. Nimwachie pikipiki siku tatu.

"Siwezi kuiacha," nikamwambia. "Nitarudije nyumbani?"

"Kabla hujainunua ulikuwa unarudije?"

Ukweli ni kwamba sikutaka kuonekana natembea. Nilikuwa nimeshazoea watoto kukimbilia barabarani wakisikia mlio wangu, na wakubwa kunisalimia kutoka mashambani. Nikamwomba anifungie kwa muda, nitarudi siku nyingine. Akazungusha waya mara nne, akaukaza kwa koleo, kisha akasema bila kuinua uso, "Hii inabeba pikipiki. Haibebi mtu. Mtu asipande mpaka wewe mwenyewe umeishika."

Nikasema nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Baba yangu wakati huo alikuwa mzee, lakini bado alilima. Ujanani alikuwa mpagazi, kabla reli haijafika Tabora. Alishuka pwani na mizigo ya nta na kupanda na marobota ya nguo, miezi kwa miezi, na bega lake la kushoto lilibaki na uvimbe mgumu kama kisigino. Njia yenyewe ya misafara ilipita nyuma ya shamba letu. Ilikuwa imeshaota majani, ila bado uliweza kuuona ule mfereji mwembamba uliochimbwa na nyayo za watu. Baba hakupenda kuizungumzia sana. Lakini alikuwa mtu wa kutembea. Ndugu zetu wa Kaliua walipofiwa, sisi tulipanda treni na yeye akatangulia siku kadhaa kwa miguu.

Mwaka ule macho yake yaliingia ukungu. Nilimchunguza nikaona ni mtoto wa jicho, jambo lililozidi uwezo wa zahanati yangu. Nikamwambia kuna daktari hospitali ya Tabora anayeyaondoa.

"Vizuri," akasema. "Kesho nitaondoka alfajiri. Jua likipanda nitakuwa nimefika."

"Nitakupeleka kwa pikipiki, baba."

"Miguu bado ninayo."

"Watu watasemaje? Mtoto ana pikipiki, mzee wake anakwenda mjini kwa miguu, tena haoni vizuri."

Nilisema juu ya watu. Sikusema kwamba nilitaka kupita naye katikati ya mji, mimi mbele na yeye nyuma, wote watuone. "Basi," akasema, "kama wewe unaona hivyo." Baba hakuwa na kawaida ya kunikubalia upesi. Nadhani alifurahi kidogo kwamba nilimng'ang'ania.

Asubuhi alivaa kanzu yake ya kanisani. Niliisimamisha pikipiki uani, nikaweka kile kipande cha jembe, nikaangalia waya. Ulikuwa umekaza. Magoti yake yalikuwa mazito, na nilijua kwamba nikikaa mimi kwanza hataweza kupitisha mguu nyuma yangu. Kwa hiyo nikampandisha yeye kwanza. Nikamshika kiuno, akapanda, akakaa kwenye kiti cha nyuma, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Umekaa vizuri?"

"Nimekaa."

Mke wangu akatoka na mfuko wa chakula. Nikageuka kuupokea. Hatua mbili, si zaidi. Nilisikia waya ukikatika, sauti ndogo kabisa, na nilipogeuka pikipiki ilikuwa imemlalia.

Tuliinyanyua. Hakulia. Aliniomba radhi kwa kuwa kanzu imechafuka. Nikatazama miguu yake, na pale pale nikajua. Wa kulia ulikuwa umefupika kuliko wa kushoto, na wayo wake umelala upande wa nje. Ndiyo alama ya nyonga iliyovunjika, tulifundishwa tukiwa wanafunzi, na katika watu wazima niliowaona na alama ile sikumbuki hata mmoja aliyetembea tena. Nilipiga magoti mchangani nikamwambia, "Ni mshtuko tu, baba. Utapoa."

Wanaume sita wa kijijini walimbeba kwa machela hadi Tabora, wakipokezana. Mimi nilitembea kando yake. Baada ya muda wabebaji walianza kuyumba, kila mmoja na mwendo wake, na machela ikawa inamrusha. Ndipo baba akafungua mdomo. "Wewe wa mbele, fupisha hatua," akasema kwa sauti ya chini. "Wa nyuma mfuateni. Sasa badilisheni bega. Msisimame, badilisheni mkitembea." Wakafanya alivyosema na machela ikatulia. Aliwaongoza hivyo njia nzima, amefumba macho, jasho la maumivu likimtiririka. Sikuwahi kumsikia akitoa amri za safari. Kumbe ndivyo alivyokuwa.

Hospitali walimfunga mguu na kuuvuta kwa mfuko wa mchanga ulioning'inia mwisho wa kitanda. Daktari aliniita kando akanieleza kwa upole kile nilichokuwa nakijua, kwamba mfupa wa mzee hauungi kwa urahisi. Macho hayakuguswa. Mtu wa kulala chali na mguu umefungwa hawakutaka kumpasua jicho, na baadaye hakuna aliyelizungumza tena. Tukamrudisha nyumbani kwa machela ileile.

Alilala chumba cha mbele. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimgeuza, nikamsafisha vidonda vya mgongoni na kuvifunga upya. Nilikuwa hodari wa vidonda, watu walitoka mbali kunifuata mimi. Vya baba havikupona. Kimoja kikianza kukauka, kingine kilifunguka.

Wageni walipokuja kumjulia hali walimwuliza ilikuwaje, naye aliwajibu vilevile kila mara. "Nilikaa vibaya. Macho haya. Niliegemea upande kabla mwanangu hajawa tayari." Mara ya kwanza niliposikia nilidhani ananifichia. Kisha nikaelewa kwamba ndivyo anavyoamini. Alikuwa analala pale, mchana na usiku, akijilaumu. Na mimi nikamwacha aamini hivyo, wiki baada ya wiki, nikimfunga vidonda na kumwuliza kama amelala vizuri.

Asubuhi moja nilishindwa. Nilikuwa nimemgeuza ukutani, sioni uso wake. Nikasema, "Baba, hukukaa vibaya. Stendi ilikuwa mbovu. Fundi aliniambia mtu asipande kabla sijaishika."

"Alikuambia lini?"

"Kabla ya siku ile. Nilikuwa najua."

Nikaendelea kufunga bandeji kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. Nilipomaliza ndipo aliposema, "Ungeniambia, ningetembea."

Tangu siku ile nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba, akanywa uji nilioushika, akageuka nilipomgeuza. Mengine alimwambia mke wangu. Mke wangu aliniletea maneno yake, kwamba anataka mto, kwamba anataka dirisha lifunguliwe, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikiyasikia mwenyewe.

Lakini jirani alipokuja Jumapili iliyofuata akamwuliza ilikuwaje, baba alijibu, "Nilikaa vibaya." Nilikuwa pale chumbani. Hakunitazama, na kwa hali ya macho yake sijui kama alijua nipo. Wengine niliowasimulia wameniambia kwamba alikuwa amenisamehe. Hawakuwa pale. Sauti yake naijua. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeubeba mzigo wa mwingine kwa sababu ameshaona kwamba mwenye mzigo hawezi.

Niliipeleka pikipiki karakana. Fundi hakuuliza kitu. Nilirudi kwa miguu, na haikuwa mbali kama nilivyokuwa nafikiri. Baada ya siku tatu nikaichukua, na tangu hapo haikuanguka tena, si kwenye mchanga wala kwenye tope. Niliitumia miaka mingi. Kila niliposhuka, nikaiacha na kuiona imesimama, moyo uliniuma.

Baba alifariki mvua za kwanza zilipoanza, watu wakiwa mashambani wanapanda. Mapafu yalijaa maji. Nilikuwa zahanati, namchoma sindano mtu mwingine, alipokuja mtu kuniita. Siku ya mazishi mzee wa kanisa alisimama kueleza habari za marehemu. Akataja safari zake za pwani, akataja shamba lake, kisha akasema kwamba alipatwa na ajali kwa sababu ya macho yake, akakaa vibaya kwenye pikipiki ya mwanawe aliyempenda sana. Waombolezaji wakaitikia kwa kuguna. Mke wangu, aliyekuwa amekaa na wanawake upande wa pili wa kaburi, aliinua uso akanitazama. Alikuwa ananisubiri nisimame niseme kweli. Nilitazama chini kwenye udongo mbichi, na mzee wa kanisa akafungua kitabu cha nyimbo, na watu wakaanza kuimba.