Safari ya Londiani Kumtafutia Chelang'at Figo

Nilitoka kwetu Sigowet kwa sababu bima ilikuwa imekubali. Tulizungushwa weee, njoo kesho, njoo keshokutwa, halafu siku moja wakapiga simu: watalipia Chelang'at kuwekewa figo. Sasa ilibaki figo yenyewe, na hospitali ilitaka itoke kwa jamaa wa damu. Mimi nilishakataliwa kwa ajili ya presha. Alibaki Chebet, binti yangu aliyeolewa Londiani. Chelang'at humwita dada, lakini Chebet ndiye aliyemzaa, akiwa bado shuleni. Kwetu mtoto aliyezaliwa hivyo ni wa nyumba, basi nikamlea kama kitinda mimba wangu. Mume wa Chebet hakuambiwa.

Asubuhi nilipata lifti kwa jirani aliyekuwa anaenda kununua viazi. Tulipopita mashamba ya chai ya Kericho mvua ilikuwa inanyesha, wachumaji wamejifunika nailoni. Jirani aliongea siasa mpaka nikamwambia, "Wewe, hebu ninyamazie kidogo, nina mgonjwa."

Londiani kulikuwa na baridi kali. Mkwe wangu Njoroge alinipokea vizuri, akanimiminia chai mwenyewe. Aliposikia shida yangu akasema, "Mama, hiyo si ya kufikiria. Chebet ni dada yake. Aende apimwe, ng'ombe nitakamua mimi." Chebet hakuinua macho.

Jioni nilimfuata zizini.

"Mama, siwezi," akaanza.

Hasira ikanipanda. "Huwezi nini? Unaogopa ijulikane wewe ndiye mama yake? Ijulikane! Mtoto wako anakufa!"

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini. Njoroge alikuwa nyuma yangu. Alitutazama, akaondoka.

"Hukuningoja nimalize," Chebet akasema. "Nina mimba, Mama. Ni changa, hata yeye nilikuwa sijamwambia. Daktari gani atanikata?"

Ole wangu! Tulilia sote wawili pale kwenye matope.

Usiku Chebet alimwambia yote, na kesho yake Njoroge alinisindikiza hadi barabarani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mngeniambia tu," alisema. "Ningemlea. Chebet akishajifungua na kupata nguvu, nitamleta mwenyewe apimwe." Nilimshukuru kwa moyo wote. Sikumwambia kwamba daktari hadhani Chelang'at atafika huko.

Nyumbani nilimkuta mtoto jikoni karibu na moto, uso umevimba. Nilichojifunza njiani ni kidogo na kinauma: bima italipa daktari, italipa kitanda na dawa, lakini figo ni lazima itoke kwa mtu, na watu tuna mambo yetu.

"Dada atakuja?" akaniuliza.

"Si sasa. Ana mimba."

Alifurahi, maskini, akapiga makofi kwa mikono yake iliyovimba. "Kwa hivyo huyo mtoto ataniita mama mdogo!"

Nilimvuta karibu, nikamkalisha mapajani.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Atakuita dada."